Gari moshi lisilo na moshi

Leo kwenye kipindi cha historia tumebishana: reli iwe ya umma au ya mwekezaji? Mimi mtoto wa Lingeka, Bariadi, nikashika upande wa umma. Na kwetu reli yenyewe haifiki, mpaka uende Malampaka kule Maswa, kwenye njia ya Tabora–Mwanza iliyokamilika 1928.

Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977 tukaunda TRC yetu. Mwaka 2007 tukaikodisha reli kwa RITES ya India: wao asilimia 51, serikali 49, mkataba wa miaka 25. Haukufika hata mitano! 2011 hisa zote zikarudi serikalini. Jamaa mmoja akachomekea, "kwani kabla ya hapo reli ilikuwa nzima?" Haikuwa, hilo nakubali.

Lakini chekini SGR. Tangu 2024 treni ya umeme inapiga Dar hadi Dodoma. Reli ni ya TRC, umeme wa TANESCO, na bwawa la Nyerere (megawati 2,115) nalo ni la serikali. Mwekezaji anayewahi faida ya haraka angetandaza nyaya zote zile? Sidhani. Kweli, umeme wetu mwingine ni wa gesi, kwa hiyo hewa ya ukaa bado ipo, ila si kama ya dizeli.

Kilichoninyamazisha ni mikopo. Imejenga reli, na watakaoilipa ni sisi walimu watarajiwa kwa makato ya kodi...

SGR ya Mwanza–Isaka bado inajengwa. Malampaka inapita dizeli, na pamba ya Bariadi inapanda lori.