Njaa ya Udongo wa Makonde

Kwa vizazi vingi mashamba ya Newala yalilishwa kwa majivu. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyekuwa pia bingwa wa jiografia ya Tanganyika, aliandika mwaka 1945 jinsi Wamakonde walivyofyeka vichaka vizito vya uwanda wao, wakavichoma, wakalima misimu michache, kisha wakaliacha shamba lirudi kuwa kichaka. Maofisa wengi wa kilimo wa zama za ukoloni waliuona moto huo kuwa uharibifu mtupu. Lakini tukiangalia ulichoacha shambani, tunaona uwiano wenye maana. Moto hupoteza hewani sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo kwenye majani na matawi, ila fosforasi, kalisi na potasiamu hubaki majivuni, na majivu hupunguza uchachu wa udongo. Naitrojeni iliyopotea ilirudishwa kwa kiasi na kunde, mbaazi na njugu mawe. Kwa maneno mengine, kilichokuwa haba katika udongo wa kichanga wa uwanda ule kilitoka kwenye kichaka, na kinachopatikana hewani kikaachiwa mikunde. Soya inadai mpangilio huohuo, na hapo ndipo tunapokosea tunapoanza na mbolea ya naitrojeni, yaani urea.

Zao hili liliingia Tanganyika mwaka 1907 kupitia kituo cha Wajerumani cha Amani, Usambara, lakini kwa upande wa kusini historia yake imefungamana na Nachingwea, jirani ya Masasi. Huko Waingereza walianza mwaka 1947 kung'oa misitu kwa ajili ya mpango wao wa karanga, wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Matrekta yalishindwa, watafiti waliobaki wakaendelea kupima mbolea na kuzalisha mbegu za soya, na hiyo ndiyo faida ya kweli iliyotokana na hasara ile.

Tani moja ya punje za soya hubeba kilo 60 hivi za naitrojeni, na fosforasi kilo tano au sita tu. Tarakimu hizo humvuta mtu kwenye mbolea ya kukuzia. Hata hivyo, mmea huu unaweza kupata nusu au zaidi ya naitrojeni yake kutoka hewani, kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, na ndani ya mmea nguvu husafirishwa na misombo ya fosforasi. Fosforasi ikipungua, mizizi hudumaa, vinundu huwa vichache, majani hugeuka njano. Mkulima huona dalili za njaa ya naitrojeni ilhali chanzo ni kingine. Akimwaga urea nyingi, mmea hupunguza kuunda vinundu, naye atakuwa amenunua kwa fedha alichokuwa akipewa bure.

Kuna watakaosema kichanga cha Makonde ni maskini mno kwa naitrojeni kiasi kwamba mche hauwezi kusubiri vinundu vianze kazi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ya DAP una kilo 9 za naitrojeni pamoja na kilo 10 za fosforasi, na kianzio hicho kinatosha. Mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni bila chembe ya fosforasi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fosforasi peke yake haitoshi. Soya ni mgeni, na aina zake nyingi hazielewani na bakteria wa huku, hivyo mbegu inahitaji kuchanjwa kwa bakteria wanaoifaa kabla ya kupandwa. Tena salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga huongeza uchachu wa udongo, nao uchachu huumiza mizizi na bakteria. Kwa mashamba ya aina hiyo, fosfati ya Minjingu, kutoka karibu na Ziwa Manyara, inastahili kupewa nafasi: huyeyuka vizuri penye uchachu, na ina kalisi.

Basi wanaopanga ruzuku ya mbolea, kuanzia Mkomaindo, Masasi, hadi Newala, wampe mkulima wa soya mbolea ya kupandia na chanjo ya mbegu kwanza, na wapime udongo wake kabla ya kumuuzia urea.