Kimea cha Dani

Huku kwetu Muhuru, karibu na mpaka wa Tanzania, kuotesha wimbi ilikuwa kazi ya wanawake. Dani, nyanya yangu, aliliroweka usiku kucha, akalichuja, akalifunika kwa gunia bichi mpaka likatoa vimizizi vyeupe vilivyoshikana. Kisha akalianika mwambani na kulisaga. Bila kimea hicho hapakuwa na kong'o, pombe ambayo wazee waliizunguka mtungini, kila mmoja na oseke yake, ule mrija mrefu.

Unga wa mtama ulichachushwa, ukakaangwa, ukaachwa upoe. Dani alizamisha kiganja ndani ya unga. Ukiwa bado na moto, kimea hakitiwi. Nilipoanza kufundisha kemia ndipo nikaelewa kwa nini. Moto hulainisha wanga, na kimeng'enya cha kimea huukata kuwa sukari, lakini chenyewe joto kali hukiua. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walikitenga kutoka kimea cha shayiri, wakakiita diastasi. Vitabu vya shule huanzia hapo. Mimi naona vingeanzia kwa wanawake, waliokijua kwa kiganja karne nyingi kabla yao.

Tatizo ni kwamba kimeng'enya huondoka na pombe. Kichujio cha oseke kilizuia makapi, lakini kimeng'enya kilichoyeyuka kilipita na kumezwa, na mtungi wa pili ukadai wimbi jipya. Viwanda navyo vilipata hasara hiyo hiyo. Mwaka 1916, Nelson na Griffin wa Marekani walionyesha kwamba kimeng'enya kilichonata kwenye mkaa huendelea kufanya kazi, na mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ikaipeleka mbinu hiyo kiwandani. Siku hizi watafiti hukifunga kwenye nyuzi za nano, zinazovutwa kwa umeme wa volti nyingi kutoka kwenye plastiki iliyoyeyushwa. Unywele mmoja huzidi unene wa uzi huo mara mamia, kwa hiyo gramu chache tu zina eneo kubwa mno la kunasia. Kimeng'enya kilichofungwa hupoteza nguvu kiasi, lakini mara nyingi huvumilia joto zaidi, hakisombwi na maji, na kitambaa kile kile huoshwa na kutumika tena.

Kong'o ilififia kwetu kwa sababu nyingine kabisa. Wamisionari Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na mafundisho yao dhidi ya pombe yakaenea kandokando ya Ziwa Victoria. Serikali nayo ikaleta leseni na marufuku. Dani alipobatizwa aliacha kupika pombe, ila wimbi aliendelea kuliotesha. Uji mzito wa watoto ulipokwisha kuepuliwa na kupoa kidogo, alikoroga humo kijiko cha kimea, nao ukalegea palepale. Hivyo mtoto mdogo aliweza kumeza unga mwingi zaidi katika bakuli moja.