Udongo, chuma na leza: kutoka matanuru ya Mbozi

Ukifika Tunduma, tazama maroli kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Ndani ya kila injini kuna chuma kinachopigana na joto na msuguano. Njia mojawapo ya kukikinga ni kukivisha kauri, ambayo ni ndugu wa udongo uliochomwa. Unadhani hili ni jambo geni Songwe? Hapana.

Zamani Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru ya udongo, marefu kuliko mtu. Hewa iliingia kwa mirija ya udongo chini ya tanuru. Moto ulikuwa mkali kiasi kwamba udongo wenyewe uliyeyuka kidogo na kuchanganyika na mavi ya chuma. Yaani udongo ulijitoa mhanga, na mhunzi akapata chuma cha jembe.

Sasa sisi tunataka udongo ubaki juu ya chuma, na hapo ndipo kazi ilipo. Chuma kikipata moto hutanuka zaidi ya kauri, kwa hiyo ganda hupasuka na kubanduka. Tatizo la pili: chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini alumina, kauri inayotumika sana, husubiri hadi zaidi ya 2,000. Utaiyeyushaje bila kuharibu chuma kilicho chini yake?

Jibu moja lilianza tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko California kwa fuwele ya yakuti. Na yakuti ni nini? Ni alumina yenye kromu kidogo! Mwaka 1964 Kumar Patel akatengeneza leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo baadaye ilifikia nguvu za viwandani. Mwale wake huyeyusha unga wa kauri mahali padogo, kwa muda mfupi, huku sehemu kubwa ya chuma ikibaki baridi. Ili ganda lisipasuke, mafundi huchanganya kauri na unga wa metali.

Majembe ya kigeni yaliyauzia nje matanuru yetu, na ujuzi mwingi ukaondoka na mafundi. Kwa hiyo ukiokota bonge jeusi, zito, lenye matundu shambani Mbozi, usilitupe. Waulize wazee kwanza palikuwa na nini hapo.