Kuni za Meli

Kwaro alipofariki, kazi ya kwanza niliyopewa nyumbani haikuwa kuandika tanzia wala kutengeneza bango la WhatsApp. Nilipewa shoka. Baba mdogo akaangalia raba zangu nyeupe, viatu vya mtu wa Kisumu mjini, akacheka kidogo, akasema, "Twende tutafute kuni za magenga."

Kama hukukulia huku, magenga ni ule moto mkubwa unaowashwa nje bomani mzee wa Kiluo anapofariki. Wanaume wanaukalia usiku kucha wakipiga stori za marehemu, na hauachwi uzime mpaka siku kadhaa baada ya mazishi. Moto wa aina hiyo haulishwi vijiti. Unataka magogo, tena ya mti mgumu unaoungua polepole na kuacha makaa mazito, ili mtu akilala kidogo alfajiri aamke akute bado kuna kitu cha kupuliza.

Boma letu liko nyuma ya Kendu Bay, mahali ambapo ukipanda mwinuko mdogo tu unaona ziwa. Tulipita mti mmoja mzuri, tukapita wa pili. Wa tatu nikauliza kwa nini hatukati. "Huo uko hai," baba mdogo akasema. "Kwaro wako hakuwahi kuwasha mti ulio hai. Tunatafuta ulioanguka."

Tuliupata kando ya kijito. Ulikuwa ober, ule ambao vitabu vya mimea vinauita Albizia coriaria, na mvua ya masika iliyopita ilikuwa imeung'oa na mizizi yake. Gome lilikuwa limeshabanduka. Mchwa walikuwa wamekula sehemu laini ya nje wakafika kwenye kiini wakashindwa. Nilipopiga shoka mara ya kwanza lilidunda, mkono ukafa ganzi hadi begani. Baba mdogo akanionyesha: usipige popote, tafuta ufa. Mti uliokauka wenyewe tayari umeshapasuka mahali fulani, kazi yako ni kuuona tu.

Tukasomba magogo kwa mkokoteni wa punda safari tatu. Yaliyobaki, matawi ya ukubwa wa paja na ya ukubwa wa mkono, dani akaniambia niyapange nyuma ya jikoni lake. Kwa Kiluo mahali pa moto panaitwa kendo, na ndoa pia ni kendo. Kwa hivyo ukuta wa kuni nyuma ya jikoni la mke wa mtu si takataka. Ni kitu kinachotazamwa na kila mgeni.

Nikapanga. Dani akaja, akasukuma rundo langu kwa mguu, taratibu tu, na lote likaporomoka.

"Baba ya mume wangu angekosa rupia leo," akasema.

Hapo ndipo niliposikia hiyo hadithi. Baba yake kwaro alipokuwa kijana alikuwa anapanga kuni kando ya maji, za kulisha meli. Kila asubuhi karani alikuwa anapita na kusukuma marundo kwa kiatu. Rundo likisimama, unalipwa. Likianguka, kazi yote ya siku imeenda. Mzee huyo alikufa kabla baba yangu hajazaliwa, na kitu pekee alichowaachia watu wa boma hili ni ile namna ya kupanga kuni zisianguke.

Mimi nilidhani najua historia ya Kisumu. Tulifundishwa shuleni kuhusu reli: wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, simba wa Tsavo, na tarehe 20 Desemba 1901, siku Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, alipopigilia msumari wa mwisho kando ya ziwa, mji ukaitwa Port Florence. Zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Lakini sikumbuki siku hata moja mwalimu akiuliza swali la kawaida kabisa: hiyo treni ilikuwa inakula nini?

Ilikuwa inakula kuni. Makaa ya mawe hayakuwa yanachimbwa Kenya. Ilibidi yaletwe kwa meli mpaka Mombasa, kisha yapandishwe bara kwa treni ile ile. Kuni zilikuwa hapo hapo kando ya reli, katika misitu ya Wakikuyu na ya Mau. Ila kuni zina shida yake. Kilo moja ya kuni kavu inatoa karibu nusu tu ya joto la kilo ya makaa mazuri ya mawe, na kuni mbichi ni mbaya zaidi, manake karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unapoteza nguvu kuyachemsha kwanza. Kwa hivyo injini ya kuni inataka kuni nyingi, na inazitaka zimekauka.

Winston Churchill alipanda treni hiyo mwaka 1907 mpaka Kisumu, akavuka kwenda Entebbe kwa meli ya Clement Hill. Katika kitabu alichotoa mwaka uliofuata aliandika pia kuhusu kuni za reli, akilalamikia gharama ya kuzikata kwa shoka za mkono. Yaani hata mgeni wa wiki chache aliona kwamba safari yake yote inaendeshwa na mtu aliyeshika shoka.

Ziwani hali ilikuwa hiyo hiyo. Meli ya William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, ikabebwa, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla hata reli haijafika. Kisha wakaja Winifred, Sybil na wenzao. Zilizunguka ziwa lote zikipakia pamba, ngozi, posta na watu, na pembeni mwa maji kuni zilikuwa zimepangwa zikisubiri. Watu wa kukata na kupanga walipatikana kwa sababu kulikuwa na kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa pesa. Ng'ombe unaye, mtama unao, samaki unao, lakini rupia huna. Rupia iko kwa karani wa kuni.

Sasa fikiria tofauti kati ya kuni za dani na kuni za meli. Dani anangoja mti uanguke. Mti ndio unaoamua ni lini. Anachukua anachoweza kubeba juu ya ngata, anarudi. Meli ina ratiba. Jumatano ni Jumatano, mti uwe umeanguka au haujaanguka. Kwa hivyo unakatwa ukiwa mbichi, unapasuliwa, unapangwa juu ya mawe mawili ili usiguse udongo, nafasi zinaachwa upepo upite, na rundo linafanya kwa wiki kadhaa kile ambacho mti wenyewe ungefanya kwa miaka: linakauka. Ujuzi wa kupanga ambao babu yangu mkuu aliuleta nyumbani ulitengenezwa kwa ajili ya miti ambayo haikuwa imekufa.

Na hapa kuna kitu kilichonikera niliporudi mjini na kuanza kusoma. Mwaka 1902 ndio serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya misitu na kutoa kanuni za kulinda misitu. Ni mwaka huo huo Kisumu na sehemu hii yote ilihamishwa kutoka Uganda ikawekwa chini ya himaya ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Na ni mwaka huo huo mkaratusi, ule mti wa Australia, uliletwa nchini. Kwa nini mkaratusi? Kwa sababu unakua haraka, na reli ilihitaji kuni. Ile mikaratusi tunayoiona kila kona, ambayo watu wanabishana kama inakausha mito, ilikuja kama chakula cha treni. Yaani mtu aliyeshika kanuni ya kulinda msitu mkono mmoja ndiye aliyeshika bili ya kuni mkono wa pili.

Miaka ikaenda, injini zikaacha kuni. Zile kubwa za daraja la 59 zilizofika kuanzia mwaka 1955 zilichoma mafuta. Ungedhani ziwa lingepumzika. Halafu akaja mbuta.

Mbuta alitiwa ziwani miaka ya hamsini na sitini, na kufikia miaka ya themanini alikuwa ameshalitawala. Stori ya jinsi alivyomaliza fulu na samaki wengine wadogo unaijua. Stori ya kuni haisemwi sana. Fulu na omena unawaanika juani, wanakauka, basi. Mbuta ni mkubwa na ana mafuta mengi. Jua halimuwezi. Ataoza kabla hajakauka. Lazima umbanike kwa moshi au umkaange, na vyote viwili vinataka moto. Kwa hivyo samaki aliyeletwa kuongeza chakula alileta pia njaa ya kuni ambayo ufuo huu haukuwa nayo.

Kisha vikaja viwanda, minofu ikaanza kwenda Ulaya, na kina mama waliokuwa wakiuza samaki mzima wakabaki na kilichobaki: kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania. Nenda Obunga hapa Kisumu utaona. Tunaita mgongo wazi. Inakaangwa kwenye masufuria makubwa, moto wa kuni chini, moshi machoni kutoka asubuhi. Mnofu unaenda ng'ambo ukiwa kwenye barafu. Moshi unabaki kwa mama wa Obunga.

Na lawama pia inabaki kwake. Miaka kadhaa iliyopita dani alialikwa semina ya mazingira. Wakapewa soda na fulana. Mwezeshaji, kijana wa umri wangu, akawaonyesha picha za vilima vitupu, akawaambia nyinyi kina mama ndio mnaomaliza miti kwa kuni. Dani alirudi nyumbani, akaikunja ile fulana, akaiweka, na hajawahi kuivaa. Nilimuuliza kwa nini hakujibu. "Nimjibu nini, nyakwara? Picha ni za kweli."

Picha ni za kweli. Watu ni wengi sasa, makaa yanauzwa kila mtaa, na mimi mwenyewe mjini nikiishiwa gesi nanunua debe. Sisemi tusiwajibike. Lakini picha haina tarehe. Haionyeshi nani alikata kwanza, kwa ratiba ya nani, ili alipe kodi ya nani. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikakaa zaidi ya miaka mitano mpaka rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Tulibishana sana mtandaoni. Wakati huo huo, kwenye msitu wa Kakamega, mama anayetaka kuokota kuni analipia kibali, na anaruhusiwa kuchukua zile zilizokauka na kuanguka tu. Yaani sheria, baada ya zaidi ya miaka 100, imefika pale dani alipokuwa tangu mwanzo, kisha ikaweka bei.

Magenga yalizimika. Wageni wakaondoka, viti vya kukodi vikarudishwa. Mimi nikabaki wiki moja zaidi, kwa sababu tangu niache chuo hakuna mtu anayeningoja mahali popote Jumatatu. Nikalipanga upya rundo la ober. Mawe mawili chini. Magogo mazito kwanza, mapana kwa mapana. Mwisho wa kila safu, vipande viwili vimelala kinyume ili vishike vingine. Nafasi ya upepo, lakini si ya panya, dani akasema.

Akaja akasukuma kwa mguu. Likaanguka upande mmoja. Nikapanga tena. Akasukuma. Mara ya tatu likatikisika kidogo, likasimama.

Dani hakusema vizuri wala vibaya. Alichomoa kipande kimoja cha juu, akaingia nacho jikoni kupika chai.