Mkutubi na Jina la Kazi Yake: Funzo kutoka Hannover na Wolfenbüttel

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule za Kikristo. Karibu na mwisho wa waraka huo aliongeza jambo ambalo mara nyingi twalisahau: wasihesabu gharama wala taabu katika kujenga maktaba nzuri, hasa katika miji mikubwa. Basi tangu mwanzo maktaba ilikuwa chombo cha Matengenezo ya Kanisa. Lakini yule aishikaye maktaba aitweje, na jina hilo lampa nafasi gani mbele ya wakuu na wanazuoni wenzake? Habari za Walutheri wawili zatuonyesha kwamba swali hili si dogo.

Wa kwanza ni Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati, aliyeingia katika utumishi wa mtawala wa Hannover mwaka 1676 akiwa mkutubi. Jina hilo peke yake halikumfikisha mtu kwenye baraza la mtawala. Leibniz alilitambua hilo mapema, akaomba cheo cha mshauri, naye akakipata baada ya muda si mrefu. Mwaka 1689, alipokuwa Roma, alidokezewa nafasi ya kuitunza maktaba ya Vatikano. Cheo hicho kilikuwa ngazi ya kupandia: Enrico Noris, aliyekishika tangu 1692, alifanywa kardinali mwaka 1695. Lakini sharti lilikuwa kuingia Kanisa Katoliki, na Leibniz akakataa. Mwaka 1691 alikabidhiwa pia maktaba ya Wolfenbüttel, ambako chini ya uangalizi wake iliandaliwa orodha ya vitabu kwa majina ya waandishi. Twaona kwamba alikitafuta cheo pale kilipoisaidia kazi, akakiacha pale kilipodai dhamiri yake.

Wa pili ni Gotthold Ephraim Lessing, mwana wa mchungaji, aliyekuwa mkutubi wa Wolfenbüttel tangu 1770 hadi alipofariki mwaka 1781. Mwaka 1772 alipewa ruhusa ya kuchapisha hazina za maktaba hiyo bila kupitiwa na wakaguzi wa serikali. Ruhusa hiyo aliipata kwa sababu ya kazi yake ya ukutubi. Umaarufu wake wa uandishi usingalitosha. Kati ya 1774 na 1778 aliitumia kuchapisha sehemu za maandishi ya marehemu Hermann Samuel Reimarus, yaliyoukana ufufuo wa Bwana wetu. Hakumtaja mwandishi, tena alisema ameyakuta maktabani, hali aliyapata kutoka kwa jamaa ya Reimarus. Mchungaji Johann Melchior Goeze wa Hamburg alimpinga vikali, na mwaka 1778 mtawala akaiondoa ruhusa ile. Lessing hakunyamaza. Mwaka uliofuata alitoa tamthilia yake *Nathan der Weise*, akaendeleza mjadala kwa njia nyingine.

Hatuandiki haya ili kumtetea Reimarus. Twataka kuonyesha kwamba jina la kazi ni amana. Lilimfungulia Lessing mlango uliofungwa kwa wengine, naye akalitumia kama pazia la kufichia asili ya maandishi. Aidha, kilichotolewa na mkuu kwa barua moja kiliondolewa kwa barua nyingine.

Huku kwetu neno *mkutubi* lina asili moja na *kitabu* na *maktaba*, nalo lamtaja mtu wa elimu. Tangu Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa Makerere mwaka 1963, ukutubi umefundishwa katika nchi zetu kama taaluma yenye mitihani na vyeti vyake. Hata hivyo, katika baadhi ya vyuo mtu aliyehitimu taaluma hiyo huajiriwa kwa jina la msaidizi wa maktaba, au huitwa tu mtunza vitabu, kana kwamba ameshika ufunguo wa bohari. Huchagua vitabu, huviainisha, huwafundisha wanafunzi namna ya kutafiti. Lakini mtaala unapojadiliwa, haitwi. Matokeo yake somo jipya huanzishwa pasipo kitabu hata kimoja rafuni. Naye aombapo kazi mahali pengine, barua yake humshuhudia kuwa msaidizi, ijapokuwa kwa miaka mingi aliibeba maktaba nzima.

Yuko atakayesema kwamba chema chajiuza, na kwamba mtumishi wa Kanisa hatafuti vyeo. Ni kweli kwamba kiburi hakitufai. Lakini unyenyekevu ni wa mtu kujichagulia mwenyewe. Mwajiri hawezi kumwandikia mwingine katika barua ya ajira. Hatumwiti mchungaji aliyebarikiwa mtunza madhabahu.

Kwa hiyo twavisihi vyuo vyetu vitazame upya majina haya. Anayefanya kazi ya mkutubi na aitwe mkutubi, apewe kiti katika kikao cha walimu, na majukumu yake yaandikwe waziwazi ili naye aweze kudaiwa uaminifu. Jina lisilo na kiti ni pambo tu. Na kiti kisicho na uaminifu, Wolfenbüttel imetuonyesha mwisho wake.