Bloku za Manute Bol, na wale ambao hawakuhesabiwa

Jamani, ubishi wa kiwanjani hauishi: nani alikuwa mkali zaidi wa kuzuia mpira, Manute Bol au wazee wa NBA waliomtangulia? Mtu anatoa simu, anasoma namba, anasema kesi imefungwa. Mimi nasema bado.

Namba zenyewe ni hizi. Manute, Mdinka wetu mwenye urefu wa mita 2.31, aliingia NBA mwaka 1985 na Washington Bullets. Msimu wake wa kwanza tu alipiga bloku 397, karibu 5 kila mechi. Mpaka anaacha ligi hiyo alikuwa na bloku 2,086 na pointi 1,599. Yaani alizuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga.

Sasa mtafute Bill Russell. Alicheza Boston Celtics kuanzia 1956 mpaka 1969, akachukua ubingwa mara 11, na sifa yake kubwa ilikuwa kuzuia. Bloku zake ngapi? Hakuna namba rasmi. Wilt Chamberlain, aliyecheza mpaka 1973, naye vilevile. Sababu ni moja: NBA ilianza kuandika bloku msimu wa 1973/74. Kabla ya hapo mpira ulizuiwa, watu wakashangilia, lakini pale mezani hakuna aliyeandika.

Halafu kuna sheria. Enzi za Manute, NBA ilikataza ulinzi wa kanda. Kila mlinzi alitakiwa awe na mtu wake. Mwaka 2001 wakaruhusu kanda, lakini wakaongeza sheria nyingine: mlinzi asisimame kwenye eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 kama hana mtu anayemkaba karibu. Kwa hiyo ukilinganisha bloku za leo na za 1985, unalinganisha kazi mbili tofauti.

Hapo ndipo habari inatugusa sisi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kijana ni mwenye miaka 15 mpaka 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema 15 mpaka 35. Basi mtu wa miaka 30 hapa Hai Mauna ni kijana kwenye fomu moja, na kwenye fomu ya pili si kijana. Idadi inapanda au inashuka, na hakuna aliyezaliwa wala aliyehama.

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkituletea namba tuambieni pia nani alihesabiwa na kwa sheria gani. Nasi vijana tuulize bila woga. Russell hana bloku hata moja kwenye kitabu, lakini waliojaribu kufunga mbele yake wanajua. Kutoandikwa si sawa na sifuri.