Mashini ya zamani na bashi nzito: mshono ukiruka, uanzie wapi?

Bungulu, sawa na makomine mengine ya muji wa Beni, kuna mashini nyingi za kushona za miguu na za mkono ambazo zinapewa kazi kuliko ile zilitengenezewa. Singer za zamani, zikiwemo zile za kiwanda cha Clydebank huko Uskoti kilichofungwa mwaka 1980, na Butterfly za China, nyingi ni za nguo za nyumbani. Leo mteja analeta bashi ya kuanikia kakao, mukoba wa shule, jinzi ama skai ya kiti cha pikipiki. Mshono ukianza kuruka, fundi anakimbilia kuzungusha visi. Hapo ndipo anaongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Kanuni ni moja: sindano kwanza, uzi wa pili, visi ya mwisho.

Mshono unaruka

Sindano ikishuka kisha ikapanda kidogo, uzi unafanya kitanzi, na ndoano ya chini inakikamata. Kitambaa kizito kinaweza kupinda sindano, ama kikapanda pamoja nayo. Kitanzi hakifanyiki, mshono unaruka.

Weka sindano mpya. Kwa jinzi na bashi tumia namba 100/16 ama 110/18. Isukume mpaka mwisho wa tundu lake. Ule mfereji mrefu wa sindano utazame upande ambako uzi unaingilia, na upande bapa uwe kinyume chake. Sindano ya mashini ya kiwanda, yenye shina la mviringo mzima, usiilazimishe kwenye mashini ya nyumbani. Kama kitambaa bado kinapanda, ongeza mkandamizo wa mguu wa mashini.

Uzi unakatika

Mara nyingi uzi ni mnene kuliko jicho la sindano. Pima hivi: pitisha kipande cha uzi kwenye sindano ambayo haiko kwenye mashini, vuta uzi huo ukiwa umeinama. Sindano inapaswa kuteleza yenyewe. Kama inakwama, chukua sindano kubwa zaidi ama uzi mwembamba zaidi. Kisha papasa tundu la bamba ambalo sindano inapitia. Kama kuna mkwaruzo, ulainishe kwa msasa laini sana.

Uzi unajikusanya chini

Wengi wanalaumu uzi wa chini, kumbe kosa liko juu: uzi haukuingia kati ya visahani vya kukaza. Inua mguu wa mashini, toa uzi wote, utunge upya tangu mwanzo. Kinyume chake, uzi wa chini ukionekana juu ya kitambaa, uzi wa juu umekazwa sana ama ule wa chini umelegea.

Kama kanete yako inakaa ndani ya kikopo cha chuma kinachotoka, kishike kwa uzi wake, kining'inie. Kisishuke chenyewe, ukitikisa mkono, kishuke kidogo. Kikianguka moja kwa moja, kaza kavisi kake kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko. Weka alama kwanza, ili uweze kurudi ulikotoka.

Sindano inavunjika kwenye mikunjo

Gonga mkunjo kwa nyundo kabla ya kushona, upungue unene. Mguu ukiinuka mbele, weka kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa chini ya nyuma yake, ukae sawa. Hapo acha pedali, zungusha gurudumu kwa mkono. Usivute kitambaa: ukivuta, sindano inapinda na kugonga chuma.

Bashi inachanika kwenye mstari wa mshono

Mashimo yamekaribiana sana. Ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3 ama 4. Sindano ya ngozi ina ncha ya kukata. Ibaki kwa ngozi. Kwenye bashi, mvua itapita pale ilipokata. Uzi wa pamba huoza haraka kwa maji na jua. Chagua wa poliesta.

Mafuta

Toa vumbi na nyuzi karibu na ndoano, kisha tia tone moja la mafuta ya mashini ya kushona kwenye kila tundu. Mafuta ya ngazi na ya kupikia yanaganda na kuzuia mashini. Baada ya hapo shona kwanza kwenye kitambaa kibovu, kazi ya mteja isichafuke.

Jua mwisho wake

Kama gurudumu halizunguki hata kwa mkono, kitambaa kimezidi nguvu ya mashini. Sehemu hiyo ishone kwa mkono na msumari wa fundi viatu, ama umpelekee mwenye mashini nzito. Pesa ya mukoba mmoja haitoshi kununua ndoano mpya, na mashini ikisimama, nyumba nzima inasimama nayo.